Kikombe cha Wifi

Wifi yangu huchapa picha kwa vibao vya mbao, kwa mtindo wa Kijapani, humo humo ndani ya mashua yetu ya matanga, na mikono yake haijui haraka. Kila rangi ina kibao chake. Hupaka rangi, hulaza karatasi, kisha hungoja mashua itulie baina ya mawimbi mawili ndipo aisugue karatasi kwa kiganja, midomo ameibana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tangi la maji lilipovuja, kaka yangu, ndiye nahodha, akatupimia kikombe kimoja kimoja kwa siku. Nikamkuta wifi analowesha karatasi kwa nusu ya kikombe chake.

"Wewe! Si uchote tu ya bahari?"

"Chumvi inaharibu rangi, wifi. Mimi naweza kungoja. Karatasi ikikauka haishiki kitu."

Nilimsema mpaka nikachoka mwenyewe. Yeye akatabasamu kwa midomo iliyopasuka. Tulipotia nanga akanipa picha ya kwanza. Nilitarajia bahari na matanga. Kwenye vibao vyake alikuwa amechonga bomba la tangi letu, tone moja limening'inia, halijaanguka. Maji yalikuwa tele siku hiyo, lakini nilipoitazama nilishikwa na kiu.