Sufuria ya Ijumaa

Ijumaa iliyopita, hapa Kileleshwa kwa mjukuu wangu Mutheu, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa iliniamsha nikiwa nimejinyoosha mchana. Harufu tamu, lakini roho yangu ilishtuka, kwa sababu asubuhi yake huyo msichana aliniambia amefunga. Mtu amefunga, halafu anakaanga vitunguu? Nikakaa kitandani nikisikiliza mwiko ukigonga sufuria, na nikajikuta nimerudi Ngara, kwenye ile ploti yetu ya vyumba vya mawe, mimi bado mtoto wa meno ya mbele kung'oka.

Wacha niwataje waliokuwepo, msije mkapotea njiani. Kulikuwa na mama yangu, Syombua, aliyekuwa akifulia watu nguo. Chumba kilichoegemeana na chetu kilikuwa cha Rebeka Kageha, mjane kutoka Maragoli, mtu wa maombi, asiye na mtoto. Ng'ambo ya mfereji wa maji aliishi Mama Shiro, fundi wa kushona, pamoja na mdogo wake wa kike aliyekuwa na mtoto mchanga na aliyeuza ndizi mjini. Halafu Mzee Ondiek, aliyetunza ploti kwa niaba ya mwenye nyumba; yeye ndiye aliyesema nani akae na nani ahame. Na mimi, Kalekye.

Kanisa la Rebeka lilivaa nyeupe, na kila Ijumaa alifunga, hata maji hayakupita kooni. Hilo halikumsumbua mtu. Kilichosumbua ni kwamba Ijumaa hiyohiyo ndiyo aliyowasha jiko mapema kuliko sisi sote. Maharagwe yaliyolala majini yakichemka, vitunguu, ugali mkubwa kama wa harusi. Kisha alifunga sufuria kwa kitambaa cheupe, akajitwika, akatoka langoni bila kuaga. Jioni alirudi na sufuria tupu, imeoshwa inang'aa.

"Sufuria ikitoka na chakula irudi na harufu ya chakula," Mama Shiro alikuwa akisema, pini zikiwa mdomoni. "Hii inarudi ikinuka sabuni. Mnaficha nini, watu wa nyeupe?"

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama yangu alisema kuna mwanamume mahali. Wengine walisema kanisa lao linafuga joka kule mtoni, na joka halili mboga za jana. Watoto walipovimba matubwitubwi, kina mama wakaanza kuhesabu tangu lini Rebeka alihamia, na hesabu ikawaingia akilini. Mama Shiro akapeleka malalamiko kwa Mzee Ondiek, naye akasema Jumapili baada ya kanisa watu wakutane pale mferejini, na kama huyo mama hana maelezo, atafute chumba kwingine. Rebeka hakuwa na ndugu mjini. Akitolewa pale, angelala wapi?

Alhamisi mama aliniita kando. "Kesho mwambie unataka kumsaidia kubeba. Macho yawe wazi, mdomo ufungwe, na usionje chochote."

Nilimwambia, na Rebeka hakuuliza nani kanituma. Alinipa sahani za bati tu. "Zishike vizuri, mwanangu, zisipige kelele. Watu wasidhani tunaenda sherehe."

Tukateremka kuelekea mjini, yeye mbele na sufuria kichwani, mimi nyuma nikinusa maharagwe na kumeza mate, nikiamini kila kona ndiyo ya joka. Hatukuelekea mtoni. Tulisimama kwenye lango la kituo cha polisi.

Askari wa lango alimwona akaguna. "Mama Sala, wewe tena?"

"Mimi tena, baba," Rebeka akajibu; pale walimwita hivyo kwa ajili ya maombi yake.

"Leo hakuna kuingia."

Rebeka hakubishana. Alikaa chini palepale, akaniketisha kando yake, akafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti ya kufika sokoni. Hakumlaani mtu. Alimwombea huyo askari: mgongo wake usimuume kwa kusimama, mama yake kijijini asilale njaa, watoto wake wasikanyagwe na mtu mwenye funguo. Wapita njia wakaanza kusimama. Askari alijikuna shingo, akatazama huku na huku, mwishowe akasema, "Ingia, mama. Ingia kabla hujanitaja jina."

Ndani kulikuwa na wanawake walioshikwa wakiuza barabarani, wengine na watoto mgongoni, wamejazwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Rebeka alikataa kupakua. "Wenye watoto watoke kwanza wakae juani," akawaambia askari, "ndipo chakula kigawanywe, na ninyi wa zamu mtapata." Na walitolewa, wakaketi ukutani. Yeye aliwanawisha mikono mmoja mmoja, midomo yake imekauka hadi imepasuka, na hakuonja hata tonge.

Aliyekaa mwisho alikuwa mdogo wake Mama Shiro, kichanga mapajani. Huyo tulikuwa tumeambiwa amekwenda Kiambu kumwona nyanya yao mgonjwa. Aliponiona alivuta leso akafunika uso.

Tukirudi, Rebeka aliosha sufuria kwenye bomba la nje ya kituo. Aliniambia, "Kalekye, wale uliowaona wana watu wao. Watajisemea wenyewe wakitaka." Basi nikamshuku zaidi. Mama alikuwa amenifundisha kwamba mtu mzima anayemwambia mtoto usiseme, huyo mkimbie.

Niliporudi nilimwambia mama kichwa kinauma, nikalala. Jumapili ikafika. Mzee Ondiek alikaa juu ya karai lililopinduliwa, koti la kanisa bado mwilini.

"Mama Rebeka, siku ya kufunga unampikia nani?"

"Wageni," Rebeka akasema.

"Wageni gani hawaji nyumbani?" Mama Shiro aliruka. "Wana miguu au wanatambaa?"

Watu walicheka. Rebeka alitazama vidole vyake. Neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema. Ndipo mama yangu akanisukuma mbele. "Huyu alienda naye. Sema ulichoona."

"Niliona watu wamefungiwa. Wanawake. Walikuwa wanakula."

"Ni nani na nani?" Mama Shiro akauliza.

Nikamtazama. Nadhani nilimtazama kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyomtazama mtu mzima. "Sikuwajua," nikasema.

Uso wake ulibadilika kama kitambaa kilichoingia maji. Aliinamia beseni lake, akakamua nguo iliyokuwa imeshakamuliwa. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mzee, mwache mama wa watu apike. Moshi haujaua mtu."

"Si wewe uliyeniita hapa?" Mzee Ondiek akashangaa.

"Na ni mimi nasema twende tukale."

Mkutano ukaisha hivyo. Ijumaa iliyofuata vitunguu vilivyomenywa vilikuwa mlangoni kwa Rebeka, ndani ya kitambaa cha cherehani. Mama Shiro hakumsalimia siku hiyo, wala iliyofuata. Mama yangu alichungulia dirishani akanong'ona, "Sasa ni wawili. Wanapika nini hawa?" Alikufa akiwa bado anajiuliza.

Mimi miaka mingi nilidhani ibada ya Rebeka ilikuwa kwenye ile sufuria. Nimezeeka ndipo nikaona kwamba kubeba maharagwe mtu yeyote anaweza. Pale mferejini alikuwa tayari kukosa chumba ili aibu ya mwanamke aliyekuwa akimfukuza isitoke nje. Kwake hiyo nayo ilikuwa kufunga.

Nikaenda jikoni kwa Mutheu. "Unampikia nani?"

"Wageni, Susu," akasema, akiniita nyanya kwa Kikamba chetu, huku akifunga chakula kwenye vikopo. Baadaye nilisikia kwamba kuna vijana walioshikwa kwenye maandamano, na kanisa lao linawapelekea. Lakini wakati ule sikujua, na sitawadanganya, nilimshuku. Nilichukua kisu, nikamenya vitunguu vilivyobaki.

Kama yuko aliyeishi ploti ile na anaona nimekosea, labda koti la Mzee Ondiek au chumba kipi kilielekea wapi, anirekebishe, nitashukuru. Ila jina la Mama Shiro nimelibadilisha makusudi, na la mdogo wake sikulitaja. Nayakumbuka yote mawili. Hapo msinirekebishe.