Tiketi ya Kurudi ya Mzee Nusubei

Mtaani walimwita Mzee Nusubei, naye hakukasirika. Alilichukua jina hilo kama cheo. Kwa miaka thelathini alikuwa mtunza stoo wa shule, na katika miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyepewa chaki mpya bila kurudisha kipisi cha ile ya zamani. Dawa ya meno ikiisha, aliichana kwa mkasi apate ya siku tatu zaidi. Mkono wa birika hasa, na wala hakujificha.

Alipostaafu akaamua kuhamia moja kwa moja kwa binti yake, ng'ambo. Akaenda kwa wakala wa tiketi akiwa ameshajiandaa kwa ugomvi.

"Nataka ya kwenda tu," alisema.

Yule dada akabofya kompyuta yake. "Mzee, ya kwenda tu ni ghali kuliko ya kwenda na kurudi."

"Unanitania."

"Ndivyo walivyopanga wenyewe. Chukua hii, wiki mbili kwenda na kurudi. Siku ya kurudi usipotokea, kiti chako kitapotea, basi."

Mzee alitoka pale akitembea kwa madaha. Amelipiga chenga shirika zima la ndege! Akarudisha ufunguo wa chumba alichopanga, akauza kitanda na meza, hata balbu akaichomoa akaiuza. Akamtumia binti yake nakala ya tiketi ili wampokee uwanjani, bila kumwambia kwamba anahamia. Habari hiyo aliiweka kiporo, aje aitoe siku ya kurudi itakapofika, awaone wanavyorukaruka kwa furaha. Kuwauliza wenye nyumba hakukumjia akilini.

Walimpokea vizuri mno. Mjukuu wake, msichana wa miaka minane, alimpisha chumba chake akawa analala kwenye kochi sebuleni. Mkwe wake, fundi wa lifti, alikisikiliza kisa chake cha mwalimu mkuu aliyefumaniwa akiiba chaki, akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake kisa kikasimuliwa tena, mkwe akacheka tena.

Basi mzee akaanza kuinyoosha nyumba. Sebuleni alichomoa balbu mbili kati ya tatu. Sabuni aliikata vipande vya ukubwa wa kidole. Mtu akiingia kuoga, yeye husimama mlangoni na saa mkononi akimhesabia dakika. Hakuna aliyenung'unika. "Sawa, baba," mkwe alisema kila mara, akitabasamu. Na kila asubuhi mjukuu aliiendea kalenda ya ukutani akafuta siku moja kwa kalamu nyekundu, mzee akafurahi kuona mtoto anajifunza tarehe. Mtu aliyeweza kugundua kipande kimoja cha chaki kilichopungua stoo hakuona kilichokuwa mbele ya pua yake.

Siku ya kumi na nne alikuta sanduku lake limeshawekwa mlangoni. Mkwe alikuwa ameomba ruhusa kazini, gari limejazwa mafuta, anapiga mluzi. Mzee akaingia bafuni, akafunga mlango, akakaa humo saa moja na nusu.

"Baba, ndege!" mkwe aligonga. "Baba, tutachelewa!"

Alitoka alipokuwa na hakika kwamba ndege imeshapaa. Akakaa mezani kama bwana harusi.

"Siendi popote," alisema, meno yote nje. "Nimehamia! Ile ya kurudi ilikuwa danganya toto, niliikata kwa sababu ni rahisi. Chumba changu nimesharudisha."

Akangoja makofi. Mjukuu akamtazama mama yake. "Kwa hiyo mimi nitalala wapi?"

Ili kuwachekesha, mzee akaanza kile kisa cha chaki.

"Hicho tumeshakisikia, baba," mkwe alisema. "Mara tisa."

Uso ukamshuka. Akageuka pembeni kukwepa macho yao, na ndipo alipoiona kalenda sawasawa: siku kumi na tatu zimefutwa, ya kumi na nne imezungushiwa duara, na pembeni mtoto amechora ndege kubwa inayopaa, dirishani kichwa kimoja chenye upara. Ilimuuma. Kule hana chumba, na hapa alikuwa mgeni wa wiki mbili tu, aliyevumiliwa kwa sababu siku zake zinajulikana.

"Kama nawabana, semeni," alisema, akimtazama binti yake. "Nitaondoka." Akangoja aambiwe hapana, baba, hapa ni kwako.

Binti akainama, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Mkwe alikuwa ameshashika simu.

"Ndege ya kesho ina nafasi," alisema.

Mzee alitaka kumsihi, lakini kwa mazoea ya maisha yake yote likamtoka lingine kabisa. "Basi kata ya kwenda na kurudi, mwanangu. Ndiyo rahisi."

"Najua, baba," mkwe alisema bila kuinua macho. "Nitalipa hiyo ya kwenda tu."