Ng'ombe Niliowaiba kwa Spika

Chekeni tu, maana mpaka leo nikipita kijiji cha Shishiyu watoto wananiuliza, "Ng'ombe wamepatikana?", na aibu hiyo niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia, kila mwenye jenereta na televisheni anafungua banda la video, nami nilikuwa na langu pale Somanda, mjini Bariadi (televisheni yenyewe ndogo, ukikaa nyuma unaangalia kwa masikio). Mwenzangu ng'ambo ya barabara akaleta kubwa ya rangi, wateja wote wakavuka. Ningevumilia, lakini Mzee Ng'wigulu wa Shishiyu, baba yake Kulwa, binti niliyetaka kumuoa, alishaniambia kwamba hampi binti yake mtu wa kukaa gizani mchana, mpaka aone hilo banda linaweza kulisha mke. Kulwa nilimpenda, siwafichi, na nilikuwa na hofu ya kumkosa.

Ndipo nikapata wazo la hadithi moja itakayowafuata watu kila mahali. Mwanzo nikauchora kwenye ukuta wa banda: Mzee Mabula anarudi machungani na ng'ombe wake, mwizi anamchungulia. Wizi wenyewe utasikika kwenye spika za gari la matangazo. Msako utakuwa kwenye kaseti nitakazogawa kwenye vibanda vya chai, na mwisho, kama mwizi anakamatwa au anaponyoka, utauona ukiigizwa bandani kwangu Jumamosi, kwa kiingilio. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Bariadi.

Rafiki yangu Deus, mwenye pikapu tuliyoifunga spika, aliisikiliza kaseti ya wizi akakuna kichwa. "Tanguliza japo neno moja, waambie hii ni hadithi." Nikamwambia utamu utaisha. (Neno moja tu, jamani, lingenigharimu nini?)

Basi asubuhi tukaingia Shishiyu, nikabonyeza kaseti. Sasa kumbukeni, ukuta wangu wa Somanda hakuna aliyeuona kule, na gari la spika wanalijua kwa mambo ya kweli: misiba, mikutano, chanjo ya mifugo. Ghafla wanasikia mama anapiga mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo mwanaume akilisikia anatoka na silaha bila kuuliza, halafu sauti yangu (nimeikaza kweli): "Ng'ombe wa Mzee Mabula wameibwa! Wameelekea Bukundi!" Na Usukumani hakuna kijiji kisicho na Mzee Mabula.

Kaseti haijafika katikati, mwano ukajibiwa nyumba ya jirani, ukajibiwa kwenye mashamba ya pamba, wanaume wakatokeza na pinde na marungu, wakajaa nyuma ya pikapu, "Twende, tuonyesheni njia!" Aliyefungua mlango wa mbele akanisukuma katikati, upinde mapajani, jasho linamtiririka, alikuwa Mzee Ng'wigulu.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, na hajawahi kuniita hivyo tangu anijue. "Leo umefanya kazi ya kiume. Umewaona?"

Pale ndipo ningesema. Lakini kaniita mwanangu! Nikajibu, "Nimewasikia, baba," nikanyoosha kidole mbele.

Deus akanitazama, akaendesha. Tukafika bondeni tukakuta bwana mmoja anachunga ng'ombe wake, anatafuna muwa. Watu wakaruka, wakamzunguka. "Ndugu zangu, hawa ni wangu, nimewazalisha mwenyewe!" Nani amsikilize? Nikaona mmoja anavuta upinde. Nikashika maiki.

"Mwacheni! Hakuna ng'ombe aliyeibwa! Ni hadithi, nimetunga mimi!"

Spika zikaifikisha aibu yangu mpaka vijiji vya mbali. Upinde ukashushwa. Mzee Ng'wigulu akanigeukia taratibu.

"Hadithi. Mwanzo wake uko wapi?"

"Ukutani, baba. Somanda."

"Na mwisho?"

"Bandani kwangu, Jumamosi." Nikaishusha maiki. "Kwa kiingilio."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wote, isipokuwa mzee na yule mchungaji, ambaye alikuwa ameketi chini kati ya ng'ombe wake. "Nimeponea chupuchupu kwa hiyo hadithi yako," akasema. "Siondoki bila kuusikia mwisho."

Wakakaa kwenye majani. Nikasimama juu ya pikapu nikawasimulia yote, bure, huku natamani ardhi ipasuke.

Nilipomaliza, Mzee Ng'wigulu akaja karibu. "Ungeweza kunyamaza, mtu akafa. Hukunyamaza," akasema. "Banda funga, ukalime. Na ukija kuposa, njoo na ng'ombe wa kweli, hawa wa kwenye spika nimeshawakimbilia mpaka magoti yanauma."

Banda nilifunga, nikalima pamba, na nikaapa kwamba nikisimulia tena nitasimulia mahali pamoja, toka mwanzo, na kabla ya yote nitasema kama ni hadithi. Siku nilipopeleka mahari, mzee alipita akimgusa kila ng'ombe mgongoni, mmoja mmoja, ndipo akanikaribisha ndani.