Bi Mwanakombo, Mpokea Barua za Mwoka Boflo

Siku Marijani alipomwona Bi Mwanakombo kwa mara ya kwanza, aliona mkono wake tu. Ulikuwa mnene, umepakaa unga wa muhogo mpaka kwenye kiwiko, umetokeza dirishani kwenye nyumba moja ya makuti pale Mtoni, nao umekamata mkanda wa mfuko wa tarishi wa serikali kama mtu aliyekamata mbuzi aliyekula mpunga.

"Soma," ilisema sauti kutoka ndani.

"Bibi, kazi yangu kuleta, si kusoma," alisema tarishi. Jina lake Shomari, mtu mwembamba, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi hata ungedhani imevaliwa na ubao.

"Na mie kazi yangu kushika. Tuone nani atachoka."

Shomari akasoma. Ilikuwa samansi. Mwinshehe wa Mtoni alikutwa akiendesha baiskeli bila taa, afike mbele ya hakimu Jumatatu.

"Mume wangu Mwinshehe nimemzika mwezi uliopita," alisema yule mwanamke. "Mwambie hakimu amfuate makaburini. Na huko nako hana taa, amtoze mara mbili."

Marijani alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka kwenye msiba wa watu, akajibanza nyuma ya mnazi.

"Na wewe uliyejificha, mnazi wenyewe mwembamba huo, tumbo linatokeza pande zote mbili. Mkononi una karatasi gani?"

Ni kweli alikuwa na karatasi, na ilikuwa imemnyima usingizi siku tatu. Alikuwa mwoka boflo, ile mikate ya tanuri. Kazi hiyo hufanywa wenzio wakiwa wamelala, na mwenyewe hulala wenzio wakiwa kazini, na serikali kwa bahati mbaya nayo hufanya kazi mchana. Tarishi akija saa nne za asubuhi anagonga, anaita, anapiga mlango teke. Ndani Marijani anakoroma. Kwa watu wa namna yake, fomu ya leseni ilikuwa na mstari wa kuandika jina na nyumba ya mtu atakayepokea barua za serikali kwa niaba ya mwenye biashara. Karani wa leseni alimweleza bila kumtazama usoni: "Akipokea yeye, umepokea wewe. Akiikalia yeye, umeikalia wewe. Usije hapa kulia kwamba hakukwambia."

Mara ya kwanza Marijani alichagua kama watu wanavyochagua mshenga, akatafuta mtu mwenye nguo safi na maneno matamu. Akamwandika Gregori, karani wa ghala la katani, mtu wa bara mwenye tai, miwani na sanduku la posta mjini. Mtaa mzima ulimpongeza. Gregori alimpa mkono, akamwambia asiwe na wasiwasi. Mwezi wa pili akaenda livu ya mapumziko kwao, siku nne njiani, ufunguo wa sanduku umening'inia kwenye mnyororo wa saa yake. Barua ya Bwana Afya ya kumtaka Marijani aweke wavu wa nzi kwenye stoo ya unga ikalala humo sandukuni mpaka tarehe ikapita. Tanuri likafungwa. Sasa karani alikuwa amempa mpaka Jumamosi alete jina la mtu mwingine, la sivyo leseni imekufa na mikate imekufa nayo.

Haya yote aliyasema akitazama vidole vyake vya miguu.

"Huyo mtu anatakiwa ajue kusoma?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Karani hakusema."

"Awe tajiri?"

"Hakusema. Alisema awepo. Saa za ofisi, kila siku."

Ndani ya nyumba kilitoka kicheko kilichomfanya Shomari ashike kofia yake. "Mwanangu, mie nimo edani! Miezi minne na siku kumi, na hata nusu sijafika. Wenzangu wakienda harusini, mie nipo. Mvua ikinyesha, nipo. Hata nikitaka kutokuwepo, dini hainipi ruhusa. Niandike."

"Na eda ikiisha, bi mkubwa?"

"Nitakwenda wapi na magoti haya?"

Shomari alipoona jina linaandikwa, aliguna. Ijara ilikuwa boflo mbili kila asubuhi, na asiletewe zilizoungua.

Tanuri likafunguliwa. Barua ya kwanza ilikuja wiki ya tatu, na Marijani hakuwa amewaza hata kidogo itafikaje kutoka dirishani kwa mjane asiyetoka mpaka kitandani kwa mwanamume aliyelala. Bi Mwanakombo alikuwa amewaza. Alimfanya Shomari aisome mara mbili, kwa sauti, akidai sikio moja zito. Kisha akamwita Hamisa, jirani yake mkaanga vitumbua, ambaye tangu alfajiri mpaka alasiri haondoki jikoni kwake pale barazani. Hamisa akapaza sauti kwa nyumba ya pili, nyumba ya pili kwa ya tatu, mpaka wa mwisho akaokota jiwe akalitupa juu ya paa la madebe la Marijani.

"Marijani weee! Serikali inasema unga wako umejaa mavi ya panya, Jumatano saa tatu Bwana Afya anakuja kuyatazama!"

Alijifunika shuka gubigubi. Barua yenyewe ilisema "usafi wa stoo", basi. Lakini wateja walikuwa wamekwisha sikia, na kesho yake nusu ya mikate alirudi nayo kwenye baiskeli.

Alasiri alikwenda dirishani, ameazimia kumfuta jina.

"Bi mkubwa, yale maneno... yangeweza kuja polepole kidogo."

"Yangekuja polepole yangekukuta umelala. Umeamka hukuamka?"

"Nimeamka."

"Panya wapo hawapo?"

Marijani alikung'uta unga mikononi. "Wapo."

"Basi ugomvi wako ni na panya. Nenda kawagombeze, mie nina muhogo wa kutwanga."

Alikwenda. Alipaka chokaa, akatia unga kwenye mapipa yenye vifuniko, akaazima paka wawili. Jumatano Bwana Afya, Mzungu kijana mwenye soksi ndefu, alikuta mtaa mzima umejipanga uani kama uko kwenye ngoma. Alichota unga, akaunusa, akamulika pembeni, akauliza watu hawa wote ni wa nini, kisha akatia sahihi. Jioni hiyo Hamisa alipita nyumba hadi nyumba akitangaza kwamba mikate ya waokaji wengine hakuna aliyewahi kuisomea barua, basi nani ajuaye mna nini. Ndani ya siku tatu Marijani alikuwa akioka magunia mawili ya unga kila usiku.

Barua zikaanza kuja kwa wingi. Ilikuja ya leseni ya mbwa, na Marijani hana mbwa. Ilikuja ya kodi ya gari la ng'ombe. Shomari alizisoma pale dirishani taratibu, mstari kwa mstari, bila neno la posa, maana katika eda posa hairuhusiwi. Mtaa wote ulielewa. Wa mwisho kuelewa alikuwa Marijani, na hata yeye alielezwa na Hamisa. Eda ilipoisha, siku ya tano Shomari alikuja bila mfuko. Magoti nayo yakapona.

Walioana, wakapanga kuhamia Gongo la Mboto. Marijani aliona leseni inamponyoka tena, na Gregori alikuwa amerudi livu, amempa mkono njiani na kusema, "Mimi sasa nipo, ndugu yangu, niandike." Kwa mtu wa haya, mkono uliokwisha kupewa ni mgumu kuurudisha.

Bi Mwanakombo hakuondoka kama Gregori. Siku ya kuhama alitangulia na Marijani ofisini, akaweka viwiko juu ya meza ya karani.

"Nifute. Na uandike tarehe. Kuanzia leo, barua itakayoletwa kwangu si yake."

"Haina haja, bibi, ataandika tu mwingine."

"Andika tarehe."

Karani akaandika, akamgeukia Marijani. "Nani sasa?"

Gregori alikuwa amesimama mlangoni, tai imenyooka, anatabasamu. Marijani alihisi masikio yanawaka. Alimpa Gregori mgongo, akamtazama karani.

"Hamisa," alisema. "Wa vitumbua. Pale Mtoni." Kisha, bila kugeuka nyuma: "Unisamehe, bwana Gregori. Wewe husafiri."

Bi Mwanakombo alifariki mwaka wa pili huko Gongo la Mboto, na wanasema Shomari alirudi kupeleka barua zake bila kumsomea mtu. Marijani hakuwahi kumwona bibi huyo tena baada ya siku ile ofisini. Siku hiyo, nje ya ofisi, Shomari alikuwa ameshikilia baiskeli iliyopakiwa godoro na kinu, na taa mpya mbele. Marijani alitaka kushukuru, akaishia kukaza kamba ya godoro.

"Hamisa huongeza chumvi," alisema Bi Mwanakombo. "Akikwambia wanakuja askari kumi, ujue ni karani mmoja na kalamu. Lakini amka."