Mama Peris Amwaga Maharagwe Mchangani

Jirani yangu Tryphena, ambaye sote hapa Makwasinyi tunamwita Mama Peris, ana ulimi usiojua likizo. Kanisani huimba sauti ya pili kwa nguvu mpaka mchungaji anapotea mstari. Akivunja jembe, anagombana na jembe. Lakini siku ile ya mwaka wa tisini na nne hakuwa na mzaha, hata kama alikuwa anacheka.

Mradi wetu wa maji ulikuwa na bomba moja tu la kutoka chemchemi ya mlimani. Je, liende kwa mashamba ya nyanya ya wanaume, au liende kwa tangi la kijiji? Akatumwa Bwana Alwi kutoka Voi, mtaalamu mpole mwenye kompyuta ndani ya begi. Alisema tutapima wenyewe faida na hasara. Akachora visanduku mchangani kwa fimbo: mapato, udongo, msitu, ndovu. Kila kisanduku tuweke maharagwe, mwisho kumi, upande wa nyanya au upande wa tangi. Yeye angeingiza hesabu kwa kompyuta, na bomba lifuate penye maharagwe mengi.

Na maharagwe yalitoka wapi? Kwa sufuria ya Mama Peris! Yalikuwa ya mchana, apike kimanga, ayaponde na mihogo, wageni wale.

Festus, mumewe, ndiye alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa nyanya. Mapato, wakaweka kumi kwa nyanya. Udongo, nane. Hata kisanduku cha ndovu wakaipa nyanya, kana kwamba ndovu wa Kasigau hawajawahi kuionja! Mimi nilichoka kabisa.

Mama Peris akaja akipangusa mikono kwa leso. "Bwana Alwi, ongeza kisanduku kimoja. Masaa ya kuteka maji kwa wiki. Kila saa, haragwe moja."

"Naam, mama, vyema. Nani ajuaye?"

"Wanaume wanajua kila kitu. Muulize mwenyekiti."

Festus akafikiri, akaweka manne. Lo! Wanawake tulicheka mpaka mwenzetu Mbula akakaa chini.

Mama Peris akainama na sufuria yake. "Jumatatu: la kwenda. La kurudi. La foleni. La ng'ombe wa mzee Gibson kukoroga maji, na sisi tusubiri yatulie." Akaingia Jumanne, akaingia Jumatano. Alipofika Jumamosi kisanduku kilikuwa kimefurika.

"Mama, mwisho ni kumi," Bwana Alwi akasema.

"Basi nenda kaiambie foleni ya kisimani iishie kumi."

Yaliyobaki kwa sufuria akayaweka kando, fungu dogo.

"Hayo ni ya nani?" Festus akauliza.

"Ya Peris. Jumatatu na Alhamisi mgongo wangu ukikataa, yeye ndiye huenda. Shule haonekani."

"Lakini yuko darasa la nane! Ana mtihani Novemba!"

"Mwalimu anajua. Mimi najua. Wewe uko kwa nyanya."

Kicheko kilitukatikia. Festus alilitazama lile fungu, uso umemshuka, na mimi nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Kisha akapiga magoti, akaanza kuhamisha maharagwe kutoka upande wa nyanya kwenda wa tangi, moja moja. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumzuia mwenyekiti.

Bwana Alwi akagonga kompyuta yake. "Bomba laenda upande wa tangi. Lakini wazee wangu, kulifikisha ni miezi minne."

Maharagwe yakawa yamejaa mchanga, kwa hivyo tukanywa chai na mihogo mitupu. Wanaume walinuna, na mimi nikaona raha sana.

Festus alikunywa nusu kikombe, akakitua. "Mama Peris, hadi bomba lifike, Alhamisi nitaenda kisimani mimi."

"Na Jumatatu?"

Akatutazama, tukamtazama.

"Na Jumatatu," akasema.