Chai ya Guka Kaburini

Harufu ya nyasi mbichi zilizofyekwa kwenye mvua hunirudisha kwa Cucu, bibi yangu, kwenye shamba letu karibu na mji wa Nyeri. Masika fulani, nikiwa mtoto, Wachina walikuwa wakijenga barabara chini ya shamba, na mpishi wao, dada aitwaye Lin, alizoea kununua sukuma wiki kwa Cucu. Siku moja alifika akalia tu, mboga akazisahau. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa huku, na kwao siku ya kufagia makaburi ilikuwa imewadia.

"Cucu, mama yangu iko mbali," alisema. "Nipe kaburi ya mzee nifagie, niweke chakula."

"Wewe Lin!" Cucu akashtuka. "Huku kwetu mtu akishazikwa tunamwacha apumzike. Ati umpelekee chakula? Utamwamsha bure!"

Ni kweli tuliliogopa kaburi la Guka, babu yangu. Lilikuwa nyuma ya migomba, limemezwa na magugu, na mbuzi wakikimbilia huko sisi watoto tuliwaita kwa mbali. Lakini kutwa nzima Cucu alikuwa akiitazama migomba ile. Alimkumbuka sana mzee wake, hata sisi tulijua. Kesho yake alichukua panga mwenyewe, akamwita Lin, wakafyeka huku wakinyeshewa mpaka msalaba ukaonekana. Lin akapanga machungwa na mandazi, akamimina chai, kikombe cha mama yake na kikombe cha Guka.

"Hiyo haina sukari!" Cucu akafoka. "Huyo mzee hawezi kuinywa. Kimbia ulete kopo!"

Nilikimbia. Cucu akakoroga, kisha akaanza kumpasha Guka habari zote: ng'ombe amezaa, paa halivuji tena, jirani ameoa mke mwingine, hana haya. Alicheka hadi akajifuta machozi. Jamani, nilifurahi! Tulimaliza mandazi palepale, kisha mvua ilipokatika Lin akarusha tiara aliyoitengeneza kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nasi tukaikimbiza shambani tukipiga kelele.

Barabara iliisha, Lin akarudi kwao. Siku hizi magari yanapita kasi pale chini, na Cucu amelala kando ya Guka. Jamaa zangu hunicheka wakiniona na panga na chupa ya chai. Wacha wacheke. Masika haya binti yangu aliuliza mbona vikombe ni vitatu na makaburi ni mawili. Nikamwambia cha tatu ni cha mama yake Lin, ambaye hakuwahi kufika Nyeri.

"Anapenda sukari?"

"Hatujui."

"Basi nitamwekea nyingi," akasema, akifungua kopo. "Ni mgeni."