Mbuzi Aliyeanzia Jikoni

Rafiki yangu, juzi nilikuwa uani kwa jirani yangu hapa Beu, mjini Beni, namsaidia kukata majani ya viazi vitamu, mara nikasikia kutoka jikoni kwake: kwii, kwii, kwii. Kisu kikabaki hewani. Simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, hupiga filimbi wakisikia majani yanakatwa, na mimi nimekua na filimbi hiyo kuliko na kengele ya kanisa.

Kwetu Musienene ni baridi. Simbilisi wa nyanya, mama yake baba, waliishi jikoni karibu na moto, nasi tulikula bugali na maharage huku wakipita miguuni. Kazi yangu ilikuwa kuwaletea majani, na nikichelewa walinigombeza kuliko mama. Hakuna aliyewaita mifugo. Mifugo ilikuwa mbuzi wa baba, na mbuzi hao walikuwa na kazi moja: kumwoza baba mdogo. Kwetu mahari, dote kama tunavyosema, ni mbuzi, tena wakwe walitaka mbuzi wa kutembea kwa miguu yao.

Msimu mmoja wa mvua mbuzi wakaanza kukohoa na kuhara, na zizi likabaki tupu. Baba mdogo alikaa mlangoni kutwa bila kula. Tulisikia kwamba huko Alimbongo, kwa kina mchumba wake, mwanaume mwingine mwenye pikipiki ameanza kupitapita. Nilimhurumia mpaka nikalia.

Nyanya hakulia. Alitazama chini ya meza akasema, "Mbuzi inaanzaka mu jikoni."

Baba alicheka kwa uchungu. "Hakuna mutu anaoaka na bapanya."

Lakini haba na haba hujaza kibaba, na nyanya alikuwa mbishi. Samadi ya simbilisi aliipeleka shambani akapanda puaro, vitunguu vile vya majani marefu. Siku ya soko puaro ndizo zilizoleta chumvi na sabuni, ili simbilisi waachwe wazae kwa amani. Nao walizaa, siwezi kuwasingizia. Walipojaa jikoni, nyanya aliwabadilisha kwa kuku. Kuku wakaangua, nao wakabadilishwa kwa mbuzi. Zizi likaanza kunuka tena, na baba akaacha kucheka.

Akapungua mbuzi mmoja tu ili dote itimie. Jikoni walikuwa wamebaki wachache, na mmoja wao, mweupe mwenye sikio jeusi, alikuwa wangu. Nyanya alinipa nilipopona surua. Simbilisi huyo alikuwa na mimba, na mwenye mbuzi, aliyekubali kubadilishana na hao waliobaki, alisema bila huyo hakuna mapatano. Nyanya angeweza kumchukua tu. Badala yake aliketi kwenye kigoda mbele yangu.

"Huyu hapana yangu, iko ya kwako. Sema weye."

Nilimtazama baba mdogo, naye akatazama pembeni. Nikasema achukuliwe. Kisha nilienda nyuma ya nyumba kulia, na nyanya akaniletea kiazi cha kuchoma.

Mama mdogo, yule mchumba wa Alimbongo, aliingia kwetu kabla ya mavuno ya maharage. Wanawake wa jirani walimtania kwamba ameolewa na simbilisi, naye alicheka nao.

Leo nyanya hayupo. Jiko lake la moshi lilibomolewa, na sisi tuliokula pale tumetawanyika. Jikoni kwangu kuna sakafu ya simenti, safi kabisa, wala hakuna kinachopita miguuni. Ninaukumbuka uchafu ule kwa mapenzi.

Jioni ya siku ile ya kukata majani, jirani alituletea sahani ya simbilisi wa kuchoma. Mama mdogo, mwenye mvi sasa, alikuwa mgeni wangu. Aliisukuma sahani taratibu, na ndipo nikagundua kuwa maisha yangu yote sijawahi kumwona akila nyama hiyo. Nikamuuliza kwa nini.

"Weye ulilia simbilisi yako sababu yangu," alisema. "Nitakulaje dote yangu?"

Na mimi sikula.